Sufuria ya Akiba: Shajara ya Mradi wa Chakula Kinachobaki Shughulini, Temeke

Wiki ya 1

Tumekutana watu sita chini ya mwarobaini ulio uani kwa mfugaji wa kuku, tukakubaliana jambo tutakalolifuatilia kwa wiki kumi na mbili zijazo: chakula kinachobaki katika shughuli za ukumbi mmoja wa mtaani kwetu, Temeke, kuanzia harusi na sendofu hadi kicheni pati na ubatizo, kinabaki kiasi gani, kwa uamuzi wa nani, na kinaishia wapi. Kikundi kina walimu wawili, mfugaji, fundi seremala, mpishi wa shughuli ambaye ndiye pekee kati yetu anayeujua ukumbi huo kutokea jikoni, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika. Mfadhili hatuna. Tuna ndoo nane, mizani ya kuning'iniza tuliyoazimwa na muuza dagaa, na daftari hili.

Mwalimu mmoja alipinga wazo la kuanzia ukumbini, na hoja yake ilikuwa na uzito. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokwisha kuwafikia walaji, na kwamba asilimia 60 ya hicho ilitupwa majumbani, asilimia 28 katika migahawa na huduma za chakula, na asilimia 12 madukani. Basi kwa nini sisi tuache nyumba twende kwenye kumbi? Nilimjibu kwamba uani kwetu chakula kina vituo vingi kabla ya pipa: kuna kiporo cha asubuhi, kuna mtoto wa jirani, kuna kuku na paka. Akanikumbusha, kwa haki kabisa, kwamba ripoti hiyohiyo imeona tofauti ya kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka kati ya nchi za kipato cha juu na zile za kipato cha kati, hivyo si vyema tukajisifu kabla ya kujipima. Tulibaki na ukumbi kwa sababu nyingine: humo kiasi cha chakula huamuliwa hadharani, na kamati, kwa bajeti iliyoandikwa, na jambo lililoandikwa linaweza kuulizwa.

Tulipoteza nusu saa nzima kwenye jina la mradi, na siijutii. Taarifa rasmi husema "upotevu wa chakula", lakini kupotea ni tendo lisilo na mtendaji. Mtoto hupotea, ufunguo hupotea, na hakuna anayeshtakiwa. Kutupa kuna mkono uliotupa. Mpishi alisema nyanya zinazopondeka ndani ya tenga kutoka Ilula hadi sokoni zimepotea kweli, na maembe yanayooza msimuni Muheza kwa kukosa soko yamepotea, bali pilau iliyopakuliwa, ikatazamwa, ikamwagwa, hiyo imetupwa. Tumeamua kutumia maneno yote mawili, kila moja mahali pake.

Wiki ya 2

Shughuli ya kwanza ilikuwa harusi ya Jumamosi. Mizani tuliiacha nyumbani, kwa sababu mpishi wa kikundi chetu alitutahadharisha kwamba ukimwona mtu anapima kwa kilo chakula ulichokisaza utadhani anaipima aibu yako. Jikoni watu huhesabu kwa ndoo na sufuria, nasi tukahesabu vivyo hivyo.

Jikoni nilijifunza mgawanyo ambao sikuwa nimeuona katika ripoti yoyote. Kilichobaki sufuriani bila kuguswa ni chakula. Kilichobaki katika trei za bufee, ambako miiko ya watu wengi imepita, ni masazo. Kilichobaki kwenye sahani ya mtu ni makombo. Hivi vitatu havichanganywi, wala havina hatima moja: cha kwanza hupelekwa kwa watu, cha pili hugombaniwa na wasaidizi wa jikoni kwa utaratibu wanaoujua wenyewe, na cha tatu hupewa mifugo au hutupwa. Sisi tuliokuja na ndoo zetu tukidhani kila kinachobaki ni "taka za chakula" tulikuwa tumeyajumuisha mambo matatu ambayo jikoni huyatenga kwa makini.

Nilitarajia sahani ndizo zitakazotia aibu, kwa kuwa wengi wetu tunapoulaumu ubadhirifu huwa tunamfikiria mgeni aliyejirundikia nyama kisha akala nusu. Sahani zote za ukumbi zilitoa ndoo 2 za lita 20. Kilichotushangaza kilikuwa pembeni ya jiko la mwisho: sufuria kubwa ya pilau iliyofunikwa, yenye makaa juu ya mfuniko, ambayo hadi saa sita usiku haikuwa imechotwa hata mwiko mmoja. Nilipouliza ni ya nani, mpishi mkuu wa jikoni hapo alisema ni sufuria ya akiba, na kwamba katika miaka yake yote ya kupika hajawahi kupewa shughuli isiyo nayo.

Aliongeza jambo ambalo naliandika kama alivyolisema: "Mwanangu, sijapata kusikia harusi inayosimuliwa miaka ishirini kwa sababu chakula kilibaki. Inayosimuliwa ni ile kilipokwisha."

Usiku ule sufuria ya akiba ilijaza ndoo 4. Kwa kuwa ukumbi ulitakiwa kufungwa, jamaa wa bwana harusi walikuwa wamekwishaondoka, na mwenye gari la kubebea vyombo alikuwa akipiga honi, sehemu kubwa ya chakula hicho, ambacho kwa hesabu ya jikoni kilikuwa bado chakula na si makombo, ilimwagwa kwenye pipa moja na mifupa.

Wiki ya 3

Wiki hii imekuwa ya kufikiri zaidi kuliko ya kubeba ndoo.

Walimu wetu walikuwa wamekwisha andaa maneno ya kuwaambia watu, na maneno hayo ni mazuri. Qur'ani, katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, inaruhusu kula na kunywa na papo hapo inakataza israfu. Katika Injili ya Yohana 6:12–13, baada ya watu kushiba, wanafunzi wanaamriwa kukusanya vipande vilivyobaki kisipotee kitu, wakajaza vikapu kumi na viwili. Tatizo ni kwamba hakuna mtu ukumbini asiyeyajua haya. Sheikh au mchungaji huwa amekwishaomba dua kabla ya mfuniko kufunuliwa, na bibi yeyote mezani anajua kwamba tonge likianguka huokotwa na kusafishwa, kwa kuwa mlaji hajui baraka imekaa upande upi wa chakula. Anayepika sufuria ya akiba hakidharau chakula. Anakinunua kwa fedha za michango ya watu, fedha ambazo atazitolea hesabu, ili jina la nyumba yake lisiharibike. Kwa hiyo kumhubiria kuhusu ubadhirifu ni kubisha mlango usio wake. Kinachomsukuma ni ukarimu uliotiwa hofu, na ukarimu haukanywi.

Hata hivyo gari la taka haliulizi nia. Linapotoka kwetu huelekea dampo la Pugu Kinyamwezi, na safari hiyo ina historia yake katika jiji hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na harufu ya dampo lililokuwa jirani nao, wakashinda; tangu hapo taka za Dar es Salaam zimehamishwa kutoka mtaa hadi mtaa, Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu, kila mara zikiwafikia watu ambao hawakuwa wamezitupa wao. Agosti 2024 dampo la Kiteezi, Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kuwafukia watu na nyumba zao, wakafa zaidi ya 30. Nadhani hapa ndipo maadili ya jambo hili yanapoanza, kabla hata ya kufika angani: kwamba sufuria iliyopikwa kulinda heshima ya familia moja huishia kwenye pua ya familia nyingine.

Kisha kuna anga lenyewe. Chakula kinapozikwa chini ya taka nyingine hukosa hewa, na vijidudu vinavyokiozesha bila hewa hutoa gesi ya methani. Gesi hiyo hukaa angani kiasi cha miaka kumi na miwili tu, lakini katika kipindi cha miaka 20 kilo yake moja hutunza joto zaidi ya mara 80 ya kilo ya kaboni dayoksaidi. Ukijumlisha na yote yaliyotumika kukizalisha, chakula kinachopotea na kinachotupwa huchangia kati ya asilimia 8 na 10 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu duniani.

"Yote yaliyotumika kukizalisha" ni maneno makavu, basi nikayafuata nyuma kutoka kwenye sufuria yetu. Mchele ulikuwa wa Mbeya, na aliyetuuzia alisema ni wa Mbarali. Mashamba ya mpunga yaliyofurika maji hutoa methani yenyewe, kwa kanuni ileile ya kuoza bila hewa. Maji yake hutoka mito ya Usangu, inayoulisha Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu miaka ya mwanzo ya 1990 hukauka kwa majuma kadhaa kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi. Moto wa jikoni ni wa mkaa, na mkaa wa Dar es Salaam ni miti ya Pwani, Morogoro na Lindi. Hivyo ndoo zilizomwagwa Jumamosi ile zilikuwa zimebeba mto na msitu kabla hazijabeba methani.

Fundi seremala aliuliza swali lililokuwa vichwani mwetu sote: Mtanzania hutoa chini ya nusu tani ya kaboni dayoksaidi kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, ilhali wastani wa dunia unapita tani 4, kwa haki gani tuanze kujinyima pilau? Aliyemjibu ni mpishi wa kikundi chetu, ambaye alikuwa mkazi wa Bonde la Msimbazi hadi mafuriko ya Desemba 2011, ndipo akahamishiwa Mabwepande kabla ya kuja Temeke. Alisema hajui joto limeletwa na nani, lakini maji yaliingia kwake. Kisha akasema hakuna aliyetaja kujinyima; watu wale washibe, sufuria isiyoliwa ndiyo isipikwe. Sidhani kama jibu lake linawaondolea deni wale wenye deni. Linatuonyesha tu kwamba hesabu yao na hesabu yetu ni daftari mbili.

Wiki ya 5

Hakukuwa na shughuli ukumbini. Tulialikwa kwenye hitima mtaa wa pili, nami nikaenda na jicho la mradi, jambo ambalo namwomba radhi mwenye nyumba.

Watu walikaa majamvini, sinia moja kwa watu wanne au watano. Sinia lina nidhamu ambayo sahani haina: kila mtu hula upande wake, anayeshiba kwanza hupunguza mwendo ili asiwaondoe wenzake, na kinachobaki katikati kinaonekana na wote kuwa kimebaki, hivyo mtu mzima mmoja husema, "Jamani, tumalizieni," na vijana humalizia. Wapakuaji walikuwa wakipita na kuongeza pale palipopungua. Matandu yalikwanguliwa na wapishi wenyewe, nao hawakuficha kwamba ndiyo waliyokuwa wakiyangojea. Kabla jua halijazama, watoto wawili walikuwa wamekwishatumwa na vibakuli vilivyofunikwa kwa kawa kwenda kwa mgonjwa, kwa mzee asiyetembea, na kwa jirani aliyekuwa kazini. Kilichoingia ndooni ni mifupa.

Sitaki kuichora hitima kama pepo. Watu walikuwa wachache, jikoni palikuwa hatua kumi kutoka majamvini, na hakuna aliyelipia muda wa ukumbi. Lakini nilitoka na hakika moja, kwamba utamaduni wetu haukuwa na ndoo ya taka za chakula kwa sababu ulikuwa na orodha ya watu wa kupelekewa, na kwamba ukumbi wa kukodi umeikata orodha hiyo kwa kuweka chakula mahali pasipo na jirani.

Wiki ya 6

Mboji tuliyoanza kuitengeneza kwa makombo ya ukumbini imeharibika. Kosa ni letu: tulimwaga makombo yenye mafuta na chumvi kwa wingi, tukafunika, tukasafiri siku nne. Tulipofunua, harufu ilikuwa ileile ya dampo, maana tulikuwa tumelitengeneza dampo dogo, chakula kinachooza bila hewa. Fundi ameleta maranda, tumechanganya na majani makavu, tunageuza kila siku ya pili. Majirani wamesamehe, mmoja kwa masharti.

Mfugaji ameanza kujaribu funza wa nzi askari weusi kwenye sehemu ya masazo. Wanakula haraka, na kuku wanawapenda kuliko mashudu. Ila amekataa kabisa kuwapa chakula kilichokwisha ota ukungu, nami namwunga mkono.

Wiki ya 8

Tulidhani jibu la sufuria ya akiba litakuwa jepesi: ipelekwe kwa wenye njaa. Harusi mbili za wiki hii zimetufundisha vingine.

Kwanza ni usalama. Wali uliopikwa ukakaa vuguvugu kwa saa nyingi huweza kuzalisha sumu ya vijidudu ambavyo mbegu zao hazifi kwa kuchemka, na sumu hiyo, ikishaingia, haitolewi kwa kupasha moto. Pilau iliyofunikwa tangu saa kumi jioni, ikagawiwa saa saba usiku, si zawadi. Nchi hii ina kumbukumbu chungu ya chakula kilichoharibika kikaliwa: mwaka 2016 watu kadhaa wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Nimeandika hili kwa wino mzito kwa sababu kikundi kama chetu huweza kulewa na wazo la kutotupa hata kikasahau kwamba kuna chakula kinachopaswa kutupwa. Bibi zetu waliokula kiporo walikuwa na kanuni zake, kukitandaza kipoe upesi na kukipasha alfajiri hadi kitoe mvuke, na wala hawakukila jioni ya siku ya pili.

Pili ni vyombo. Zamani mgeni alitoka na pilau yake kwenye rambo, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na ingawa marufuku hiyo naiona kuwa ya haki, imeacha pengo mlangoni pa ukumbi ambalo bado halijazibwa.

La tatu ndilo zito. Mwalimu alipendekeza chakula kipelekwe kwa vijana wanaolala karibu na stendi. Mpishi mkuu alikataa kwa ukali ambao sikuwa nimeuona kwake: "Mwalimu, utawapelekea saa saba za usiku, kimepoa, kwenye ndoo? Chakula hupelekwa kwa mtu mwenye jina." Hakuwa akiwadharau vijana wale, alikuwa akikataa wafanywe pipa la pili. Nilimwelewa polepole. Mtu akipelekewa kibakuli cha hitima hupelekewa kwa kuwa amehesabiwa kuwa mmoja wa waalikwa ambaye hakuweza kufika, na tofauti hiyo hata mwenye njaa huionja. Tulikubaliana kwamba kama tunataka vijana wale wale, basi wahesabiwe kwenye kamati tangu mwanzo, wapakuliwe saa tatu usiku pamoja na wageni, na kwamba kinachozidi baada ya hapo kisichukuliwe kuwa sadaka.

Wiki ya 9

Suluhisho limetoka jikoni, na ni la kijinga kwa wepesi wake. Mpishi mkuu amependekeza kwamba sufuria ya akiba iwepo kama ilivyo ada, lakini isipikwe. Mchele upimwe, ukae mkavu kwenye gunia lake, nyama ya akiba ichemshwe na kuachwa katika supu yake inayotokota, vitunguu vikatwe, jiko liwe na moto. Wageni theluthi mbili wakishapakuliwa, yeye hutazama ukumbi na kuamua. Waswahili walisema akiba haiozi, akasema, na pilau huoza. Basi sisi tumekuwa tukiita akiba kitu ambacho si akiba.

Kamati ya harusi inayofuata ilitusikiliza kwa adabu. Mwenyekiti alikuwa na hofu mbili. Idadi ya wageni haijulikani hadi dakika ya mwisho, maana kadi ya watu wawili huweza kuleta wanne, na mchangiaji aliyekosa kadi naye huja, na ni haki yake. Kisha, je, mpishi akikosea? Mama wa bibi harusi ndiye aliyevunja ukimya: mchele mkavu utakaobaki, nani atauchukua? Alipoambiwa ni wake, alisema tuendelee. Sikutaja methani hata mara moja katika kikao hicho, na sioni kama niliwadanganya.

Wiki ya 11

Majaribio mawili.

Harusi ya kwanza, akiba haikuwashwa. Gunia lilirudi nyumbani kwa mama wa bibi harusi, supu ilinywewa na wapishi na wapiga ngoma, na sufuria zilizopikwa zilibakiza ndoo 1 tu isiyojaa.

Ya pili, sendofu, akiba iliwashwa. Wageni walizidi, mpishi mkuu alisoma ukumbi akachelewa, na meza mbili za nyuma zilikaa karibu saa nzima zikisikiliza muziki. Mshereheshaji alijitahidi. Chakula kilifika cha moto, kikaliwa chote, lakini shangazi mmoja amekwisha anza kuisimulia, na mpishi mkuu amesononeka kiasi kwamba siku tatu hakuonekana. Nilikwenda kwake. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema kosa lilikuwa kungoja theluthi mbili. Angewasha walipofika nusu, na kwa mkaa haiwezekani kukimbizana na wageni, anataka jiko kubwa la gesi kwa ajili ya sufuria hiyo moja.

Jiko hilo hatuna. Mwenye ukumbi analo, limewekwa stoo, limekosa mpira na regulata. Fundi ameahidi kulitazama Alhamisi, na kamati ya harusi ya wiki ya 12 imesema itakubali mpango wetu endapo moto utawashwa mbele yao na kuonekana.